Ukiandika riwaya ya Salme, uliza nani aliyelipa

Vijana wanaonitafuta wakitaka ushauri wa kuandika riwaya ya kihistoria, hasa wa Unguja, mara nyingi huja na mhusika mmoja mkononi: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetoroka Zanzibar mwaka 1866 na kwenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nimekaa naye kwenye rasimu zangu miaka mingi. Na karibu wote huanzia pale pale: Mji Mkongwe, usiku, dirisha la Salme na mfanyabiashara wa Kijerumani upande wa pili wa uchochoro.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuliacha dirisha hilo lisubiri. Salme alizaliwa Agosti 1844. Anapofika kwenye dirisha lile ni mwanamke mzima, ameshafiwa na wazazi wote wawili, ameshaasi zaidi ya mara moja, na ameshagombana na karibu kila mtu aliyempenda. Ukianza na mapenzi, mambo hayo yote yanageuka kuwa utangulizi wa mwanamume, na Salme alikuwa na mambo yake kabla Rudolph Heinrich Ruete hajakanyaga Unguja.

Anza na mfupa. Kwenye kasri la Mtoni mabinti walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ukitumika kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Amelieleza jambo hili mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Kwa mwandishi wa riwaya hilo ni tukio linalojitosheleza: mtoto, kitu kimoja cha kushika, katazo, na siri. Tena ndilo linaloubeba uasi mkubwa uliokuja baadaye, kwa sababu mwaka 1859 Salme alihitajika kwenye njama kwa kuwa alikuwa na kalamu.

Njama yenyewe ndiyo moyo wa riwaya, kwa maoni yangu. Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Maskati, na mwanawe Majid akashika Unguja. Mdogo wake Barghash akautaka ufalme. Dada yake Salme, Khole, alikuwa upande wa Barghash. Salme alikuwa ameishi na mama yake nyumbani kwa Majid, na Majid ndiye aliyemfundisha kutumia silaha; hakuwa na kinyongo naye hata kidogo. Lakini Khole alimpenda kupita kiasi. Basi binti wa miaka 15 akaingia kwenye uhaini dhidi ya kaka aliyemlea, kwa ajili ya dada aliyemhusudu, na akawa mwandishi wa barua za waasi. Wanaoandika habari zake hupenda kumpa sababu kubwa hapa, uhuru au haki. Ushauri wangu ni kumwachia sababu yake ndogo aliyokuwa nayo. Binti anayemsaliti kaka yake kwa sababu hawezi kumwambia dada yake hapana ni mtu ambaye msomaji atamjua, na atamwonea huruma bila kuhitaji kumsifu.

Kisha njoo usiku wa kumtorosha Barghash. Nyumba yake imezingirwa na askari wa Majid. Khole na Salme wanatoka na msafara wa wanawake, jambo ambalo peke yake lilikuwa fedheha kwa mabinti wa kifalme, wanapita mbele ya walinzi, wanaingia ndani, wanamvalisha Barghash nguo za kike mpaka yanabaki macho tu, wanatoka naye. Akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles. Huko kukapiganwa, Waingereza wakaingilia upande wa Majid, Barghash akashindwa na akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake.

Hapa ndipo waandishi wengi husimama na kupumua: mashujaa wetu wamesalimika. Mimi niliwahi kumsomea shangazi yangu sura hii, kikongwe wa Ng'ambo aliyekuwa hajui kusoma lakini akisikiliza hadithi kwa makini ya kadhi. Nilipomaliza akauliza, "Na hao waliofia shambani, mwanangu, mama zao umewaweka wapi?" Tangu siku hiyo kila tukio la uasi ninaloliandika nalipitisha kwenye swali hilo, na ndilo ninalompa kila mtu anayekuja kwangu. Binti wa mtawala ameasi: nani aliyelipa? Salme alilipa kidogo mwaka 1859. Waliolipa ni wapiganaji na watumwa waliokufa Marseilles kwa ugomvi wa watoto wa baba mmoja. Riwaya isiyowapa watu hao hata ukurasa imeandikwa kutoka dirisha la juu.

Swali hilo litakufikisha kwenye utumwa, na usijaribu kulikwepa. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, watu wa milima ya Kaukazi, aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto. Yaani binti mfalme huyu amezaliwa na mwanamke aliyenunuliwa. Na bado, katika kumbukumbu zake, Salme aliutetea utumwa wa Waarabu mbele ya wasomaji wa Ulaya. Alikuwa na mashamba, na mashamba ya karafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa. Nimeona rasimu ambamo Salme anawaachia huru vijakazi wake wote usiku mmoja kwa machozi. Tafadhali usifanye hivyo. Sisi wasomaji wa Zanzibar tuna haki ya kumwona alivyokuwa: jasiri kwa nafsi yake, kipofu kwa mtu aliyesimama nyuma yake akimpepea. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, na ukiliondoa moja, hilo lililobaki litapwaya. Baada ya yote yaliyotokea visiwani, pamoja na mwaka 1964, kuna nyumba ambako habari za Waarabu na watumwa bado zinaongelewa kwa sauti ya chini. Andika ukijua watu wa nyumba zile watakusoma, wa pande zote.

Sasa ndiyo uende kwenye kutoroka. Salme alikuwa na mimba ya Ruete, na kwa binti wa marehemu Sultani hiyo ilikuwa hatari ya roho. Mke wa Dk. Seward wa ubalozi mdogo wa Uingereza alimsaidia. Agosti 1866, usiku wa sherehe za Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, wanawake wakiwa wanashuka pwani kuoga, Salme alishuka nao, na mashua ya manowari Highflyer ikamchukua kumpeleka Aden. Mwandishi gani asiyeitaka picha hiyo? Lakini alishuka na watumishi wawili. Mmoja alipogundua kinachotokea akakimbia akipiga mayowe. Mwingine akaingizwa mashuani.

Mimi ningekusihi uzipe kurasa zako bora wanawake hao wawili. Kumbukumbu za Salme zinaipita sehemu hii haraka, kwa sababu zinazoeleweka, na hapo ndipo riwaya ina kazi ambayo historia haiwezi kuifanya. Yule aliyekimbia alirudi nyumba gani, na aliulizwa nini asubuhi? Yule aliyechukuliwa aliijua lini maana ya safari ile? Kuwabuni ni halali kabisa, wape majina, wape ndugu. Kanuni yangu ni hii: tarehe, vifo, safari na vyeo siviongezi wala kuvipunguza, vyumba, mazungumzo na watu ambao hakuna aliyejali kuwaandika, hivyo ni vyangu.

Kuhusu vitu vya wakati ule, uwe mkali. Salme wa utotoni hawezi kupita chini ya jumba la Beit al-Ajaib, kwa kuwa Barghash aliijenga mwaka 1883, na jumba la Marahubi nalo ni la enzi zake. Mkunazini haina kanisa bado. Pale kuna soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kanga zenye maneno usimvishe mtu: zilikuja baadaye. Watumwa na maskini vazi lao ni merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani. Mabinti wa kasri wanavaa barakoa na shela. Bustani zao zina tausi na swala wanaotembea uwani. Hilo Salme ameliandika na huna haja ya kulipamba.

Lugha inataka uangalifu zaidi ya mavazi. Mtoni ilikuwa nyumba ya ndimi nyingi: Kicherkesi, Kituruki, Kifarsi, Kihabeshi, Kiswahili. Mbele ya Sayyid Said ilitakiwa Kiarabu tu. Ukiliweka hilo kichwani, kila mazungumzo yanapata joto: mtoto anaongea Kiswahili na yaya wake, baba anatokea barazani akichechemea kidogo kwa risasi iliyobaki pajani, na ghafla nyumba nzima inabadili lugha. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna bahati kubwa hapa. Mwandishi wa Ulaya anayemwandika Salme lazima ajifanye Mswahili. Wewe unaandika kwa lugha aliyoinyonya kwa yaya. Basi usimfanye aongee kama mfasiri. Mpe methali anapokasirika, mpe "bibi wee" ya vijakazi, wape watu wa jikoni utani wao.

Nenda Mtoni kwa miguu yako, kama unaweza. Magofu yako kando ya barabara ya Bububu, na ukisimama pale utaona jinsi bahari ilivyo karibu, jinsi kila aliyefika alivyoonekana. Ukipata nafasi panda Kidichi ukaone mabafu yaliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya Shahrazad, mke wa Kiajemi wa Sayyid Said, aliyependa farasi na kuwinda kiasi cha kuwashangaza watu, na ambaye mwishowe alipewa talaka. Habari zake Salme alizijua vizuri. Kwangu mimi hii ni zawadi: binti anayekua akisikia kwamba alikuwapo mwanamke aliyeishi apendavyo, na akisikia papo hapo yaliyompata. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, usome barua za ubalozi mdogo wa Uingereza za miaka ile. Zisome kwa kuzishuku sawasawa na unavyozishuku kumbukumbu za Salme. Balozi anaandika kwa bwana wake. Salme anaandika kwa Wajerumani anaotaka wamhurumie.

Halafu kuna Barghash. Alipanda kiti mwaka 1870 baada ya Majid kufariki. Mwaka ule ule Ruete aligongwa na tramu ya farasi Hamburg akafa, akamwacha Salme na watoto watatu wadogo katika nchi ngeni. Mwaka 1875 Barghash alizuru London, Salme akaenda huko kwa matumaini ya kuonana naye, na Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia wa Uingereza, akamzuia. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar akiwa kwenye meli Adler, chini ya kivuli cha manowari za Bismarck, chansela wa Ujerumani, zilizokuja kumbana Barghash baada ya Mjerumani Carl Peters kukusanya mikataba yake ya kutwaa ardhi bara. Barghash hakumpokea.

Ni rahisi kumfanya kaka huyu jitu baya, na nimeona wengi wakilifanya hilo. Mtazame kutoka kwake. Dada aliyewahi kumvalisha shela na kumwokoa amebadili dini, amezaa na Mjerumani, na sasa anadai mirathi huku mizinga ya Wajerumani ikiwa nyuma yake, wakati ufalme unamegwa vipande. Angempokea, angewaambia nini watu wake? Na Salme naye alijua kwamba Wajerumani walikuwa wakimtumia, au alijua nusu. Mpe kila mmoja hoja yake kamili, ya kutosha kumshinda mwenzake. Ukurasa ambao siwezi kuamua nani ana haki ndio huwa siugusi tena.

Kuhusu pa kuishia, wengi huenda mpaka Jena, alikofariki Februari 1924, na mpaka makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, alikozikwa pamoja na mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja. Ni kweli, na inaumiza. Lakini mchanga ule umeshatumika sana, na unamwezesha mwandishi kulia badala ya kufikiri. Mimi ningeishia 1885, mjini, watu wakimzunguka njiani kumsalimu na mlango wa kaka umefungwa, kwa kuwa hapo bado kuna jambo la kuamuliwa na watu wanaoishi.

Ukimaliza, usimpe rafiki yako wa chuo mswada peke yake. Mpe mtu mzima wa Mji Mkongwe, mpe mtu ambaye kwao wanakumbuka walikuwa watumwa wa shamba gani, na umtafute mmoja wa jamaa waliohamia Oman baada ya 1964. Waombe wote wakuonyeshe pale ambapo umemwonea mtu. Wape muda, karafuu na mwezi wa Ramadhani vina ratiba yake, na ukirudishiwa karatasi zimeandikwa pembeni kote, kaa chini uandike upya kuanzia Marseilles.