Mpelelezi, jasusi, kachero: yupi ni yupi?

Msomaji kaniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Naandika hadithi ya Uingereza mwaka 1938, kuna bibi mjane wa kijijini, si polisi wala nini, anachunguza mauaji ya injinia, kumbe marehemu alikuwa anawauzia Wajerumani siri za kiwanda cha silaha. Bibi nimemuita mpelelezi, injinia nae mpelelezi, walionisomea wamechanganyikiwa. Nifanyeje?”

Marahaba. Usijilaumu, neno lenyewe ndo lina sura mbili. Kupeleleza ni kutafuta habari chinichini, halisemi unamtafutia nani, ndo maana kwenye Biblia wale vijana wa Yoshua waliojificha kwa Rahabu ni wapelelezi, na leo askari wa kesi ya wizi wa kuku nae ni mpelelezi, si kila siku mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika?

Jasusi ni habari nyingine. Limetoka Kiarabu na lina harufu ya serikali, siri za nchi, vita. Ila angalia unamwandikia nani, maana Kenya magazeti yanasema idara ya ujasusi yakimaanisha ya kwao wenyewe na hakuna anaekasirika, Tanzania hapana, wa kwetu ni usalama wa taifa (mtaani shushushu), jasusi ni wa adui tu. Kwahiyo injinia wako ni jasusi, huku na huku atakubalika.

Kachero nalo usimpe bibi, hilo ni la polisi, la Scotland Yard (makao makuu ya polisi wa London). Na hapo kuna kitu waandishi wengi wanakosea: MI5, yaani usalama wa taifa wa Uingereza, haikuwa na mamlaka ya kukamata mtu, wakishanusa jambo wanawaita polisi. Chukua kesi ya kweli ya huohuo 1938, siri za kiwanda cha silaha cha Woolwich, London, zilikuwa zinaenda kwa Warusi kupitia Percy Glading, mwisho akala miaka sita. Aliyemuumbua ni Olga Gray, sekretari tu, MI5 walimuingiza kwa wakomunisti akakaa nao miaka wakimuamini kabisa. Huyo utamuitaje? Mimi nasema pandikizi. Kiswahili kimemaliza kila kitu hapo, mche umepandwa shamba la mwenzio na unamwagiliwa maji na yeye mwenyewe.

Sasa bibi. Wengi wataandika mpelelezi binafsi, lakini huyo analipwa, ana ofisi, ana wateja. Bibi wako halipwi hata senti, anasukumwa na udadisi (na umbea kidogo, tusifichane). Kama tuna ngumi za ridhaa kwanini tusiwe na mpelelezi wa ridhaa? Litaje mara moja mwanzoni, baada ya hapo mwite bibi tu.

Sentensi yako iwe: “Bibi alipofungua droo ya marehemu ndipo akajua kuwa anayemtafutia muuaji alikuwa jasusi.” Na hiyo “kuwa” ukiitoa pia sawa.