Chembe za uboho kwenye mshipa bandia: tuuze kihamba?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, anasafishwa damu Moshi mara tatu kwa wiki. Fistula (ateri na vena zilizounganishwa ili kusafishia damu) ya mkono wa kushoto imeganda, sasa anatumia mpira wa shingoni. Ameambiwa atawekewa mshipa bandia. Nimesoma kwamba ukitiwa chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe hauzibi, na kuna kliniki ya nje ya nchi inayofanya hivyo. Ndugu wanataka tukate kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, tuuze. Je, ni kweli? (Msomaji, Kibosho)

JIBU: Marahaba. Kihamba kiacheni kwanza.

Ulichosoma si uzushi. Mshipa bandia anaotajiwa mzee kwa kawaida ni mrija wa plastiki, jamii ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Mshipa wa kuzaliwa nao umetandazwa ndani utando wa chembe hai unaozuia damu isigande. Plastiki haina utando huo, na kwa binadamu hujiotea kidogo tu kwenye ncha. Ndipo wataalamu wakafikiria uboho.

Waliofika mbali ni Wajapani. Kuanzia 2001 timu ya Toshiharu Shin'oka, Tokyo, ilitibu hivyo watoto waliozaliwa na moyo wenye chemba moja tu ya kusukuma damu. Mtoto akishalazwa usingizi, walivuta uboho kwenye nyonga, wakachuja chembe, wakazidondoshea kwenye mrija unaoyeyuka mwilini, wakangoja kama saa mbili, wakaupandikiza siku hiyohiyo. Taarifa yao ya 2010 ilihusu wagonjwa 25: hakuna aliyekufa kwa sababu ya mrija, ila baadhi ya mirija ilisinyaa ikabidi kupanuliwa kwa puto.

Mwaka huohuo majaribio ya panya yalionyesha jambo ambalo wauzaji wa tiba hawalisemi. Chembe zilizopandwa hutoweka ndani ya siku chache. Kazi yao ni ya mpiga mbiu wa msaragambo: hutoa kemikali zinazoita chembe nyingine za mwili, na hizo ndizo zinazojenga mshipa. Mrija nao huyeyuka kuzipisha. Wa baba yako hauyeyuki.

Tofauti haziishii hapo. Mirija ya wale watoto ilikuwa mipana, ikipitisha damu ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) yenye shinikizo dogo. Wa mzee una upana wa milimita 6 hivi, unapokea damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kwa kasi, na utachomwa sindano kila akienda kusafishwa. Tena mara nyingi hauzibi kwa kukosa utando katikati. Huzibia pale unapoungana na vena: nyama ya ndani hunenepa, njia inakuwa nyembamba, damu inaganda. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi waliripoti jaribio la nguruwe waliowekewa mirija ya plastiki iliyopakwa kitu cha kunasa chembe zenye asili ya uboho zinazopita kwenye damu. Utando ulienea haraka, ndani ya siku tatu. Lakini baada ya wiki nne, unene pale kwenye muungano ulikuwa mkubwa kuliko wa mirija ya kawaida! Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha kutouza shamba.

Iulizeni hiyo kliniki: ni utafiti uliosajiliwa? Wapi? Kwa kawaida mgonjwa anayeshiriki utafiti wa kweli hatozwi gharama ya kitu kinachojaribiwa juu yake. Wakianza kwa kutaja bei, mmeshajibiwa.

Sasa la hapa nyumbani. Kabla ya plastiki, ombeni mishipa ya mikono yote miwili ipimwe kwa ultrasaundi, hadi juu ya kiwiko. Kufa kwa fistula moja hakumaanishi vena zimekwisha, na fistula ya mshipa wake mwenyewe hudumu zaidi na kuambukizwa mara chache. Mkono uliobaki usitundikiwe dripu wala kutolewa damu ovyo. Waambieni watumie mgongo wa kiganja.

Ikibidi plastiki, akubali, maana mpira wa shingoni ukikaa sana ndio hatari zaidi; akipata homa au baridi ya kutetemesha, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Mrija ukishawekwa, kila asubuhi aubonyeze taratibu kwa vidole, asikie mtetemo. Ukififia, au damu ikichelewa kukata sindano inapotolewa, aseme siku hiyo. Ukiwa umesinyaa bado hupanuliwa kwa puto, ukishaganda kazi inakuwa kubwa.