Unataka kuwa Mwakilishi Wadi? Isome Miaka ya Obama Kule Springfield

Vijana wanaonuia kuwania kiti cha uwakilishi wadi hunijia mara kwa mara kuomba ushauri, kwa kuwa wanajua nimefanya kazi katika ofisi za bunge la kaunti tangu mabunge hayo yalipoanza mwaka 2013. Wengi wao humtaja Barack Obama kuwa ndiye kielelezo chao, na hilo halishangazi, maana hapa Kenya kila mtu humwona kuwa jamaa (watu wa Siaya, kaunti alikotoka baba yake, wakiwa na haki zaidi ya kusema hivyo). Mimi huwaomba wauweke kando urais wake na kuitazama miaka aliyokuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Wakati huo alikuwa mtunga sheria wa kawaida, akisafiri kutoka Chicago hadi Springfield, makao makuu ya jimbo, huku akiendelea kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kazi aliyokuwa akiifanya huko ndiyo hasa inayokaribiana na ile wanayoitafuta.

Namna alivyoingia inafaa kutazamwa kwa macho mawili. Alice Palmer, aliyekuwa akishikilia kiti hicho, alikwenda kuwania ubunge wa taifa, akashindwa, kisha akataka kurudi kukitetea kiti chake. Watu wa Obama walizikagua sahihi za wapiga kura zilizowasilishwa na wapinzani wao, wakazipinga, na mwishowe wapinzani wote wanne wakawa nje ya kinyang'anyiro cha mchujo wa mwaka 1996. Yote yalifanyika kwa mujibu wa sheria, ingawa kwa maoni yangu mtu anayeanza siasa kwa kumwondoa mkubwa wake kwa njia hiyo hujiwekea deni la uhasama. Funzo la kiutendaji hata hivyo liko wazi: hapa kwetu mgombea huru wa wadi hutakiwa kuwa na sahihi za wapiga kura 500 ambao si wanachama wa chama chochote, na nimewaona wagombea wakiikabidhi kazi hiyo kwa vijana wa kulipwa bila kuikagua karatasi hata moja.

Kwa miaka sita ya kwanza chama chake cha Democratic kilikuwa upande wa wachache katika Seneti, na mwakilishi wa upande wa wachache huweza kumaliza kipindi kizima akilalamika. Obama alitumia muda huo kuzoeana na wenzake, wakiwemo Warepublican wa chama pinzani na mawakala wa makundi ya maslahi, hata kwa kucheza nao karata za poka jioni. Mwaka 1998 alishiriki kupitisha sheria iliyobana zawadi kwa maafisa wa jimbo na kukataza fedha za kampeni zisitumiwe kwa mambo binafsi, katika bunge ambalo wengi wa wajumbe wake hawakuwa na haja ya sheria hiyo.

Matunda makubwa yalipatikana mwaka 2003, chama chake kiliposhika hatamu za Seneti na yeye akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Mswada ninaowasimulia vijana kwa kirefu ni ule uliowalazimu polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetikiswa na habari za watu 13 waliohukumiwa kifo kisha wakaonekana hawakustahili hukumu hiyo, na mwaka 2000 Gavana George Ryan alikuwa amesimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Hata hivyo polisi waliupinga mswada huo, waendesha mashtaka wakautilia shaka, na gavana mpya, Rod Blagojevich, naye hakuutaka. Obama aliketi na makundi hayo, akasikiliza pingamizi zao na kukubali marekebisho, hadi mswada ukapita katika Seneti bila kura hata moja ya kuupinga, na gavana yuleyule akautia sahihi.

Nimeshuhudia miswada mizuri ikifia katika kamati zetu kwa sababu tu mwenye mswada hakukutana na wafanyabiashara wa soko au wahudumu wa bodaboda kabla ya siku ya ushiriki wa umma, nao wakaja ukumbini wakiwa tayari na hasira. Ukiwa na mswada, tafuta kwanza wale watakaoumia, uwaulize ni kifungu kipi hasa kinachowaumiza. Mara nyingi utakuta ni kimoja au viwili.

Kuhusu kushindwa sina mengi. Mwaka 2000 Obama alimkabili Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akishikilia kiti, katika mchujo wa ubunge wa taifa, akapata takriban asilimia 30 dhidi ya 61. Kampeni hiyo ilizidi kudhoofishwa na kura moja ya mswada wa silaha aliyoikosa mwishoni mwa 1999, alipokuwa Hawaii na bintiye akiwa mgonjwa. Alirudi Springfield akaendelea na kazi, na Novemba 2004 akachaguliwa kuingia katika Seneti ya taifa kwa asilimia 70.

Zaidi ya hayo, rekodi humfuata mtu. Katika Seneti ya Illinois mjumbe anaweza kupiga kura ya kusema tu kwamba yupo, bila kusema ndiyo wala siyo, na Obama aliitumia takriban mara 130 miongoni mwa maelfu ya kura zake. Kulikuwa na sababu za kimkakati kwa baadhi yake, lakini mwaka 2008 wapinzani wake waliitumia kumwita mtu asiye na msimamo. Katika mabunge yetu maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti za ndiyo na siyo, na majina hayaandikwi. Kwa hiyo ukichaguliwa, omba nakala ya Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala) kwa karani baada ya kila mjadala mzito, uiweke katika faili lako pamoja na maelezo mafupi ya upande uliouunga mkono na sababu zako, ukiyaandika siku hiyohiyo kabla wapambe hawajakushauri vinginevyo.