Jiwe lenye pingili si lazima liwe jongoo

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Ileje. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba mawe ya msingi pembeni mwa korongo, karibu na mahali ambapo makaa ya mawe yanajitokeza juu ya ardhi, nikapata jiwe jeusi lenye pete pete kama jongoo, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Alikuja bwana mmoja anayenunua mawe, akalimwagia maji ya betri, likatoa povu, akasema povu ni dalili ya mfupa na kwamba huyu ni yule jongoo mkubwa wa kale tunayemwona kwenye simu akiwa amesimama na mtu. Anatoa shilingi laki tatu, ila anataka kwanza tulipasue tuone kama kichwa kipo. Je, ni jongoo kweli? Nilipasue? Nimwuzie? Nimekutumia picha tatu.

JIBU: Marahaba. Usilipasue, usiliuze, na usimruhusu mtu yeyote kulimwagia kitu kingine chochote, hata kama ni maji ya ndimu. Nimezitazama picha zako kwa makini, hasa ile ya tatu uliyoipiga jua likiwa upande, na kwa kadiri picha inavyoweza kuonyesha, hilo si jongoo. Ni mzizi wa mti.

Najua jibu hilo halifurahishi. Kila masika yanapokwisha na makorongo kubomoka, mimi huletewa mawe ya namna hii kutoka Ileje, Ludewa na Mbinga, na karibu kila anayeyaleta ameshaambiwa na mtu fulani kwamba pete ni mnyama. Kosa linaanzia hapo. Pingili si mali ya jongoo peke yake. Muwa una pingili, na mwanzi unaogemwa ulanzi kule Iringa na Njombe una pingili, lakini hakuna anayeuona mwanzi shambani akadhani ameona mdudu. Kitu hichohicho kikishageuka jiwe, akili zetu hukimbilia mnyama, na dalali huwa ameshafika mbele ya akili zetu akitusubiri.

Tazama tena jiwe lako. Katikati yake umepita mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na kila upande wa mstari huo kuna vipande vya pembenne vilivyopangana kama matofali, lakini matofali ya kushoto hayalingani na ya kulia. Pete ya jongoo huzunguka mwili mzima bila kukatika namna hiyo. Zaidi ya hapo, katika picha ya pili, upande wa chini, jiwe linagawanyika na kipande chembamba kinatoka pembeni. Jongoo hana tawi. Mzizi wa namna hii wataalamu wa karne ya 19 waliupa jina la Vertebraria kwa sababu wao nao uliwakumbusha uti wa mgongo, kwa hiyo hujakosea peke yako. Ni mzizi wa miti ya kundi la Glossopteris, ambayo majani yake yana umbo la ulimi, na miti hiyo ndiyo iliyotawala mabonde ya kinamasi yaliyotupatia makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania katika kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Ukirudi kwenye korongo hilo na kutazama mwamba laini wa tope uliolala juu au chini ya makaa, usishangae kukuta majani yake yamelaliana kama karatasi.

Sasa kuhusu povu, maana hili ndilo linalonikera kuliko yote. Asidi inapotoa povu juu ya jiwe inaonyesha jambo moja tu, kwamba pana kaboneti, na mara nyingi ni kalsiamu kaboneti, yaani kitu kilekile kilichomo katika chokaa. Mawe ya maeneo ya makaa huwa na nyufa nyembamba zilizojazwa madini hayo na maji yaliyopita humo kwa mamilioni ya miaka. Mimina asidi juu ya ganda la yai au ganda la konokono utapata povu hilohilo bila mfupa wowote. Na jongoo, awe wa leo au wa kale, hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba povu limethibitisha mfupa wa jongoo amekwisha kukueleza kiasi cha elimu yake. Kinachouma zaidi ni kwamba gamba la jongoo limeimarishwa kwa kalsiamu kaboneti. Kama jiwe lako lingekuwa jongoo halisi na gamba lake limebaki, maji ya betri yangekuwa yanamla huku ninyi mmesimama mnashangilia povu.

Nikirudi kwa jongoo mwenyewe, kuna jambo ambalo kila aliyekulia katika nyanda hizi analijua lakini halitumii. Jongoo akifa shambani hakai mzima. Baada ya muda unakuta pete nyeupe, nyepesi, zilizotawanyika chini ya mti kama shanga zilizokatika uzi. Nyama iliyoziunganisha huoza upesi na kila pete hushika njia yake. Ndiyo maana jongoo kamili ndani ya mwamba ni adimu mno duniani kote. Ili apatikane mzima, sharti afunikwe na tope haraka kabla hajaachana, na tope hilo lisiwe na asidi ya kuyeyusha gamba, ilhali maji ya vinamasi vinavyozaa makaa kwa kawaida yana asidi. Kwa hiyo mtu akikuletea jongoo wa jiwe aliyenyooka, mnene na aliyekamilika kila pete, hiyo ni sababu ya kumtilia shaka.

Ukitaka kujifunza kumtambua, mtafute aliye hai baada ya mvua, umlaze kwenye jani la mgomba na umtazame pembeni. Pete ya kwanza nyuma ya kichwa haina miguu, tatu zinazofuata zina jozi moja moja, na kuanzia hapo karibu kila pete ina jozi mbili, kwa sababu kila pete tunayoiona ni pingili mbili zilizoungana. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, na jozi yake ya mbele imegeuka kuwa meno ya sumu. Jongoo hang'ati mtu. Akikasirika hutoa kwenye vitundu vya ubavuni maji yenye harufu kali yanayoacha doa la kahawia kwenye ngozi na yanayoweza kuliumiza jicho vibaya, kwa hiyo osha mikono kwa sabuni na maji mengi kabla ya kugusa uso. Jozi hizo mbili za miguu, au angalau vishimo vya mahali ziliposhikia, ndizo tunazozitafuta kwenye jiwe. Pete peke yake haitoshi, na jiwe lililojikunja kwa mviringo halitoshi pia. Wapo wanaouza amonaiti kutoka pwani, ambaye ni jamaa wa pweza aliyeishi baharini, wakidai ni jongoo aliyejikunja. Niliwahi hata kuletewa kipande cha bomba la plastiki lenye mikunjo, kilichojazwa saruji na kupakwa masizi, na aliyekileta alikuwa amekwisha kukilipia.

Yule mkubwa wa kwenye simu alikuwapo kweli, ingawa picha unazoziona ni michoro. Anaitwa Arthropleura. Mwaka 2018, katika ufuko wa Northumberland kaskazini mwa Uingereza, jabali lilianguka kutoka kwenye mwamba wa pwani na kupasuka lenyewe, na ndani yake kikaonekana kipande cha gamba lake chenye urefu wa sentimita 76. Kutokana na upana wake, wachunguzi walikadiria, katika taarifa waliyoichapisha mwaka 2021, kwamba mnyama mzima alikuwa na upana wa sentimita 55, urefu wa takribani mita 2.6 na uzito wa kilo 50 hivi, naye aliishi miaka milioni 326 iliyopita. Zingatia kwamba hata huyo, aliyetikisa magazeti ya dunia, ni kipande tu, na inaelekea ni gamba alilolivua wakati wa kujibadili, likajazwa mchanga. Mgongo wake uligawanyika sehemu tatu kwa mifuo miwili ya urefu, siyo sehemu mbili kwa mstari mmoja kama jiwe lako.

Upo pia ugumu wa mahali na wakati. Uingereza ya siku zile ilikuwa karibu na ikweta, yenye joto, na mabaki ya Arthropleura yanajulikana kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Ardhi ambayo leo ni Tanzania ilikuwa mbali kusini, sehemu ya bara kuu la Gondwana, na matabaka ya chini kabisa ya bonde la Ruhuhu kusini mwa nchi, yaliyolala chini ya makaa, yana alama za barafu. Jongoo huyo alitoweka mwanzoni mwa kipindi cha Permi. Sisemi kwamba haiwezekani kabisa kupata jamaa yoyote ya jongoo katika mawe yetu. Nasema kwamba anayedai amempata Arthropleura Ileje anadai jambo zito, na jambo zito halithibitishwi kwa maji ya betri.

Kuhusu kupasua, nikueleze habari ya kichwa, kwa kuwa dalali wako anakitaka kichwa. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyekuwa amekiona kichwa kamili cha mnyama huyu. Kilikuja kuelezwa mwaka 2024, kutokana na watoto wake wawili wadogo, wa sentimita chache tu, waliopatikana katika machimbo ya makaa ya mawe ya Montceau-les-Mines nchini Ufaransa, ndani ya vijiwe vya chuma vyenye umbo la kiazi. Vijiwe hivyo vilikuwa vimehifadhiwa tangu miaka ya 1980. Wachunguzi hawakuchukua nyundo. Walivipiga picha kwa miale inayopenya ndani ya jiwe, kama eksirei ya hospitali lakini yenye nguvu mara nyingi zaidi, wakakiona kichwa cha mviringo chenye macho yaliyosimama juu ya vikonyo, na taya zenye sifa za tandu zikiwa kwenye mwili wenye sifa za jongoo. Kama mtu angevipasua kwa nyundo siku ya kwanza ili aone kama kichwa kipo, kichwa kisingekuwapo.

Wahenga walitushauri kumtupa jongoo na mti wake. Sisi wa mawe tunaomba kinyume chake: kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kiletwe na mti wake, yaani na habari ya tabaka lililokishika. Jiwe lililokwisha kutoka Ileje na kufika mezani kwa mtu Tunduma bila maelezo limepoteza sehemu kubwa ya kile lingeweza kutueleza, na hakuna maabara inayoweza kuirudisha. Kwa hiyo, kabla mvua nyingine haijaanguka, rudi pale mlipochimba, upige picha ukuta mzima wa korongo ukiwa umeweka jembe au fimbo kwa ajili ya kipimo, uandike jiwe lilikuwa umbali gani kutoka kwenye makaa, juu yake au chini yake, na uhifadhi alama ya mahali kwenye simu. Lisuuze jiwe kwa maji safi tu ili kupunguza asidi iliyobaki, liache likauke kivulini, kisha lifunge kwa gazeti. Usilipake vanishi, mafuta ya kupikia wala rangi ya viatu. Nimeziona zote tatu. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji, nao wawasiliane na Idara ya Mambo ya Kale au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma.

Kwa wengine wanaosoma hapa, na najua wapo wenye mawe yao chini ya vitanda, tahadhari ni hiyohiyo. Masalia ya kale yanalindwa na sheria yake tangu mwaka 1964, na kuyatoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, jambo ambalo mnunuzi analijua vizuri na ndiyo maana anakuja jioni, halipi kwa risiti na hataki kuonekana ofisi ya kijiji. Programu za simu zinazodai kutambua jiwe kwa picha zinalinganisha umbo tu, na umbo ndilo hasa lililotudanganya hapa; nimeona programu moja ikiuita mzizi uleule jongoo asubuhi na mkia wa mamba jioni. Mtu akikuomba hela ya kupimia jiwe, ya "kulifungua" au ya safari ya mtaalamu wake wa kutoka nje, mwombe aandike jina lake na la ofisi yake kwenye karatasi mbele ya mtendaji wa kijiji. Mpaka leo sijasikia hata mmoja aliyekubali kuandika.