Swali la lugha: viini "vilivyofungwa dhaifu"

Msomaji anayesomea fizikia hapa Nairobi anauliza: "Mada yangu nimeiandika hivi: 'uchunguzi wa nadharia wa viini vya atomi zenye nyutroni nyingi zilizofungwa dhaifu.' Mwenzangu anacheka. Kosa liko wapi?"

Mwenzako ana haki ya kucheka, ila asizidishe. "Uchunguzi wa nadharia" ni kuichunguza nadharia yenyewe. Wewe wachunguza viini, basi sema "wa kinadharia". Hilo dogo. Upatanisho nao umepotea njia: "zenye" inafuata atomi, "zilizofungwa" imerukia nyutroni, na kiini, mwenye habari yake, kimeachwa nje.

Zito ni "zilizofungwa dhaifu". Anayefungwa hufungwa na mwingine: jela, kamba, au mabao mawili kwa nunge. Chembe za kiini, yaani protoni na nyutroni, zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na Kiswahili kina kauli ya kutendana kwa kazi hiyo. Halafu "dhaifu" ni kivumishi, nawe ulitaka kielezi. Andika: "uchunguzi wa kinadharia wa viini vya atomi vyenye nyutroni nyingi, vilivyoshikana kwa ulegevu." Nimekwepa "kushikamana" makusudi, neno hilo lina gundi ndani yake.

Na ulegevu wenyewe si mchezo. Kwa kawaida, kung'oa chembe moja kiinini hudai nishati ya kama elektronivolti milioni 8 (elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati). Lithiamu-11 ina protoni 3 na nyutroni 8, na zile nyutroni mbili za mwisho huondoka zote kwa chini ya nusu milioni. Muda mwingi ziko mbali, kama makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu ya Rongai: ni wa gari, lakini mwili uko nje. Vipimo vya Isao Tanihata na wenzake huko Berkeley, vilivyochapishwa mwaka 1985, ndivyo vilivyofichua ukubwa huo usio wa kawaida. Wingu hilo jembamba la nyutroni mbili, ambalo Kiingereza huliita "halo", ningeliita "ukungu". Wapo watakaopenda "utando", lakini utando una ukingo. Ukungu hufifia tu.

Ukiondoa nyutroni moja, ya pili nayo haikai, maana lithiamu-10 haishikani kabisa. Wanafizikia wamekiita kiini cha namna hii kwa jina la pete tatu za ukoo wa Borromeo wa Italia, zilizopitana hivi kwamba ukiitoa moja, zote huachana. Sisi tuna mafiga matatu. Ulinganisho una kasoro, kwani figa likitolewa mawili hubaki palepale na kinachoanguka ni chungu; hata hivyo, mwanafunzi wa Kayole atakuelewa upesi kuliko ukimpeleka Italia.