Je, ni dhambi kumlilia Papa Wemba?

SWALI: Baba Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkatoliki, nimezaliwa na kukulia Kigoma. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Redio kaseti yake ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na sauti iliyotoka humo mara nyingi ilikuwa ya Papa Wemba, mwanamuziki wa Kongo. Kilingala sikukielewa, lakini nyimbo zile nilizijua kwa moyo kama Salamu Maria. Papa Wemba alipofariki tarehe 24 Aprili 2016 nililia siku nzima, na kila mwaka ikifika tarehe hiyo napiga nyimbo zake na kulia tena. Mwaka huu niliomba jumuiyani tumkumbuke katika sala. Mama mmoja akaniambia kumlilia mwanamuziki wa dansi ni kuabudu sanamu, tena mtu mwenyewe aliwahi kufungwa. Je, nimekosea? Na ninaweza kumwombea Misa?

JIBU: Milele amina, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana jibu lake ni fupi. Ndiyo, unaweza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 901, inampa padri uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Nenda ofisi ya parokia uandikishe nia yako kama unavyoandikisha ya ndugu yako. Wala hutakuwa wa kwanza. Mei 2016 alisomewa Misa ya mazishi katika kanisa kuu la Notre-Dame du Congo, Kinshasa, kabla ya kwenda kuzikwa Nsele.

Tena nakuhimiza uiandikishe kwa sababu ya namna alivyokufa. Alianguka jukwaani Abidjan, Ivory Coast, alfajiri, maikrofoni mbele yake, akiwa na umri wa miaka 66. Wazee wetu katika litania waliomba waepushwe na kifo cha ghafla, kwa kuwa mtu hapati nafasi ya kuaga wala kuungama. Aliyekufa hivyo anahitaji zaidi watu wa kumsemea mbele za Mungu. Wewe uliyelelewa na sauti yake, usipomwombea wewe, unamwachia nani?

Sasa kuhusu sanamu. Naomba usimkasirikie mama yule wa jumuiya. Neno lake lina mahali pake, ila sidhani kama mahali hapo ni kwako. Mtakatifu Augustino alijilaumu kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa hadithi tu, huku roho yake mwenyewe ikifa mbali na Mungu naye asitoe hata tone la chozi. Kwa hiyo machozi yanaweza kupotea njia, hilo ni kweli. Kuna mtu anamjua mwanamuziki kwa tarehe na viatu, na mama yake mzazi ana mwezi hajapigiwa simu. Papa Wemba mwenyewe alikuwa kinara wa Sape, unadhifu ule wa suti na viatu vya bei kubwa, na wapo vijana walioona afadhali walale njaa kuliko kukosa shati lenye jina. Hapo ndipo pa kuulizana habari za sanamu. Sanamu ni kitu unachokitolea sadaka anayostahili Mungu peke yake, na unachotarajia kikupe uzima kisichoweza kukupa. Wewe umesema ulikwenda jumuiyani ukaomba asaliwe. Mtu hamwombei mungu wake kwa Mungu mwingine. Ombi lako lenyewe limekwisha kumjibu yule mama.

Lakini tuseme hata marehemu alikuwa na sanamu zake. Fungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Makabayo alirudi kuzika askari wake waliouawa vitani. Walipoinuliwa, chini ya kanzu za kila mmoja vilikutwa vitu vya sanamu za mji wa Yamnia, ambavyo Sheria iliwakataza Wayahudi. Yaani walikuwa wanaabudu sanamu kwa siri, ndani ya nguo. Yuda angeweza kusema, haya, wamepata walichokitafuta. Hakusema hivyo. Wote waliangukia sala, wakachanga drakma za fedha zipatazo elfu mbili, akazipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Somo hilo tunalisoma sana tunapowaombea marehemu, na mara nyingi tunasahau ni marehemu wa aina gani waliokuwa wanaombewa pale.

Kuhusu kufungwa, ni kweli, na usilifiche. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa kwa kuhusika na kuwaingiza watu Ulaya wakijifanya wanamuziki wa bendi yake, akakaa gerezani miezi kadhaa, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia hatiani. Alipotoka alisema Mungu alimtembelea mle ndani, akaliimba jambo hilo. Mimi sina mizani ya kupimia moyo wa mtu, wala mama yule hana.

Nikuonyeshe jinsi Daudi alivyoomboleza. Sauli alimrushia Daudi mkuki, tena wakati Daudi anampigia kinubi, kisha akamwinda milimani kama kware. Sauli alipokufa, Daudi alitunga wimbo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Humo anasema, enyi binti za Israeli, mlilieni Sauli, aliyewavika mavazi mekundu. Nguo! Katika yote aliyofanya mfalme yule, Daudi anawakumbusha wanawake nguo walizovaa na uzuri waliopata enzi zake. Hakumtangaza kuwa mtakatifu. Mkuki hakuusahau, maana ulikaribia kumpigilia ukutani. Alikiri tu kwamba mtu huyu alitupa kitu, tukapendeza, na sasa hayupo. Nilipofika kwenye mstari huo niliiwaza meza ya baba yako ya kukatia vitambaa, na sauti ile ikiimba juu yake.

Na jambo jingine, pengine hulijui. Papa Wemba alizaliwa Lubefu, Kasai, mwaka 1949, na mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke anayeitwa misibani kuongoza kilio. Mtoto alikuwa akifuatana naye. Sauti ile nyembamba iliyokuwa ikikutoa machozi hata kabla hujajua maana ya neno moja ilijifunzia matangani, kwa mama. Kazi ya mama huyo imo katika Maandiko. Katika Yeremia 9 Bwana anaagiza waitwe wanawake wanaojua kuomboleza, kisha akina mama wanaambiwa wawafundishe binti zao kulia. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba Mkristo mwenye imani halii. Bwana wetu alimlilia Lazaro huku akijua dakika chache baadaye atamfufua.

Kipimo kipo, hata hivyo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuambia tumlilie maiti kwa uchungu siku moja au mbili, kisha tufarijike, tusiuachie moyo huzuni. Matanga huanuliwa. Na hapa, mwanangu, nakuuliza kwa upole. Umeandika mistari mingi juu ya mwimbaji na miwili mitatu juu ya baba yako, lakini ulipomtaja mwimbaji ulianzia mezani kwa baba. Huenda Aprili 24 ni siku uliyojiruhusu kumlilia mzee kwa sauti, kwa kuwa siku yake mwenyewe ulikuwa na wageni wa kuwapikia na watoto wa kuwatuliza. Nimeyaona hayo kwa wengi misibani. Kama ndivyo, usiendelee kumlilia baba kwa jina la mtu mwingine.

Aprili ijayo, kabla hujawasha redio, nenda Misa asubuhi. Ukirudi piga nyimbo zako, waite watoto, waambie babu yao alivyokuwa akikata suruali kwa kufuata mdundo. Wakitaka kucheza, wacheze. Ukilia, lia mbele yao.

Na nia ya Misa iandikwe majina mawili. La mwimbaji ninalo, jina lake la Kikristo lilikuwa Jules. Niletee la baba yako.