Kabla Hujanunua Passat, Uliza Ni B Ngapi

Mtu anayetaka Passat ya mtumba huja kwangu na maswali mawili: ya mwaka gani, na bei gani. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Ni B ngapi, yaani ni kizazi cha ngapi cha gari hili la Volkswagen? Kwa gari hili mwaka peke yake haukwambii mengi. Passat ya 2004 na ya 2006 zimepishana miaka miwili kwenye karatasi, lakini ukifungua boneti ni magari mawili yasiyo na undugu, na fundi aliyezoea moja anaweza akaikodolea macho nyingine.

Ukitaka kuelewa kwa nini, anzia 1973. Volkswagen ilikuwa imebanwa. Beetle, ile ya injini nyuma inayopozwa kwa upepo, ilikuwa imeshazeeka sokoni, na kampuni haikuwa na mrithi wa maana. Ikaazima nyumbani: Audi, ambayo tayari ilikuwa mali yake, ilikuwa imetoa Audi 80 mwaka mmoja kabla. Mwitaliano Giorgetto Giugiaro akaichora upya sehemu ya nyuma, na hiyo ndiyo Passat ya kwanza, B1: injini mbele, imelala kwa urefu wa gari, inapozwa kwa maji na kusukuma magurudumu ya mbele. Golf ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo wanaosema Golf ndiyo iliyoiokoa Volkswagen wasisahau nani alitangulia kufungua mlango.

B2 ya 1980 sina mengi ya kuisemea kama gari, ila safari zake zilikuwa ndefu. Saluni yake, Santana, iliundwa Shanghai na kuwa teksi ya Wachina kwa miaka na miaka. Brazil nao waliendelea na muundo wa B1, na katika miaka ya 1980 wakaiuzia Iraq zaidi ya laki moja kwa kubadilishana na mafuta. Wairaki wakaziita Brazili.

Mgeuko mkubwa ni 1988. B3 iliachana na msingi wa Audi, injini ikakingamishwa kutoka ubavu hadi ubavu, na nafasi ya abiria ikaongezeka. Uso wake hauna grili kabisa. Hewa huingilia chini ya bampa. Wengine waliona ni ubunifu, wengine waliona gari lisilo na pua. Bila shaka wanunuzi walinung'unika, maana B4 ya 1993 ilirudishiwa grili.

Halafu 1996 wakarudi tena kwa Audi. B5 ilijengwa juu ya msingi wa A4, injini ikalala tena kwa urefu. Hapa mimi sifichi mapenzi yangu: mpaka leo sijakalia Passat yenye milango inayofunga kwa mlio mzito kama wa B5, na ndani yake vitu vimekaa kama vimekusudiwa kudumu. Baadaye walipandwa na wazimu wakaiwekea injini ya W8, yaani ya silinda nane, ya lita 4. Hiyo ukiiona inauzwa, piga nayo picha uende zako.

Lakini B5 ina mambo yake. Mbele kila upande una mikono minne ya aluminiamu inayoshika gurudumu, jumla minane, na matuta yetu huimaliza pole pole. Ukienda kuipima, zungusha usukani mpaka mwisho, panda tuta taratibu, kioo kikiwa wazi. Ukisikia ko-ko-ko, mikono imekwisha. Mwambie fundi aikague ile bolti moja ndefu inayobana mikono miwili ya juu. Huganda kwa kutu mle ndani, na sisi wa Mombasa wenye hewa ya chumvi tunajua maana yake: kazi ya asubuhi moja inageuka ya siku mbili, nyundo na moto. Hiyo bolti iingize kwenye bei kabla hujakubaliana na muuzaji. Kama injini ni 1.8 ya turbo, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani na tochi. Injini hii inajulikana kwa kugeuza oili kuwa tope ikicheleweshewa huduma. Marekani kampuni ililazimika hata kurefusha dhamana yake. Ukiona utando mweusi kama lami, ondoka hata kama rangi inang'aa.

B6 ya 2005 iligeuza mambo kwa mara nyingine: injini ikakingama tena, hendibreki ikawa kitufe, ufunguo ukawa kidude unachosukuma ndani ya dashibodi. Kwa Wakenya hii ndiyo Passat ya siasa. Kwenye bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliamuru mawaziri wasitumie magari ya zaidi ya cc 1800, na serikali ikanunua Passat. Waliozoea Mercedes na magari makubwa ya kupanda milima walikunja nyuso, lakini mtaani jina la Passat likapanda. Wengi wanaoitafuta leo wamebaki na picha ile ya gari la waziri.

Picha isikutie haraka. Katika B6 na B7 ya 2010, unanunua injini na gia boksi kwanza, bodi baadaye. Injini nyingi za TSI, yaani za petroli zenye turbo, za wakati huo zinatumia mnyororo wa ndani, na kinachoukaza hulegea. Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa vuguvugu, ameshaliwasha ili usisikie kitu, basi rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, washa ukiwa umesimama mbele. Mkwaruzo wa sekunde chache kisha kimya ni mnyororo unaoomba pesa.

Gia boksi za DSG, yaani za otomatiki zenye klachi mbili, ziko aina mbili, na watu huzichanganya. Ya gia sita ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na ukiibadilishia oili na filta kila kilomita 60,000 inakaa. Ya gia saba inayofungwa kwenye injini ndogo ina klachi kavu, na joto la foleni si rafiki yake. China magari mengi yaliitwa kurekebishwa mwaka 2013, na kampuni ikabadilisha oili yake ya sintetiki kwa ya madini kwa sababu ya hitilafu za umeme kwenye nchi za joto na unyevu. Joto na unyevu ndiyo Mombasa yenyewe. Ukiijaribu, tafuta mteremko mdogo uupande kinyumenyume bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Ikitetemeka kama inapiga kwikwi, punguza bei au achana nayo.

Mwenye uwezo namwelekeza B8, iliyoanza 2014 na iliyoshinda tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya 2015. Injini yake ya 1.4 imerudi kwenye mkanda badala ya mnyororo, na Kenya, ambako gari la zaidi ya miaka minane haliingizwi, zile za miaka yake ya mwisho ndizo zinazobaki kwa anayeagiza saluni kutoka Japani au Uingereza. Gia saba kavu bado zimo kwenye 1.4, kwa hiyo jaribio la mteremko halikwepeki. Na kama unataka saluni, usingoje sana. B9 iliyotoka 2023 inaundwa Bratislava pamoja na Skoda Superb, na Ulaya inauzwa kama stesheni wagoni tu.